Siku Hidaya Alipofungua Moyo

Mara ya kwanza nilipomsikia Suleimani akimtukana Hidaya nilikuwa na chupa ya chai mkononi, na nusura nimpige nayo.

Tulikuwa kwenye foleni ya mlango wa wafanyakazi, nyuma ya hoteli tunayofanyia kazi West Bay, Doha. Wageni huingilia mbele, penye marumaru na maua. Sisi hutumia mlango wa nyuma, karibu na mapipa ya taka, na tukitoka askari wa mlangoni hutukagua mikoba, asije mtu akaondoka na taulo za watu. Siku hiyo askari alikuwa jamaa mrefu mwenye sauti ya mwadhini. Hidaya alipofungua mkoba, jamaa akampazia sauti mbele ya watu wote.

"Hebu mwoneni mtumwa wangu! Babu yangu alimwacha Kisarawe amlindie kuku, kumbe katoroka mpaka Uarabuni. Umeiba nini leo, Mzaramo?"

"Nilitaka kuiba akili yako," Hidaya akamjibu bila hata kupepesa macho, "nimefunua nikakuta debe tupu. Mnyamwezi mzima, babu yako kabeba mizigo ya watu kichwani mpaka shingo ikazama kifuani, leo unajiita askari?"

Kwetu Siaya mtu akikutukana amekutukana, na akimgusa babu yako basi jiandaeni nyote wawili. Mimi ni mtu wa moto, sikatai. Niliishika chupa yangu sawasawa. Hidaya akanivuta mkono huku akicheka.

"Tulia, dada Akinyi. Huyu mtani wangu."

Njiani kurudi nyumbani akanieleza. Wanyamwezi wa Tabora na Wazaramo wa pwani ni watani tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukuambia lolote, akakunyang'anya kofia, akala chakula chako. Hata kwenye msiba anaweza kujilaza kaburini akakataa kutoka mpaka apewe kitu, na wafiwa wenyewe wakacheka na machozi yao. Hakuna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye uliyekosa adabu.

"Sasa ukweli mnaambiana lini?" nikamuuliza.

"Ukweli tunawaambia watu wengine," akasema.

Tulikuwa watatu chumbani, Al Rayyan, katika jengo la wafanyakazi wa hoteli. Mimi niko upande wa kufua. Hidaya alikuwa spaa, akiwagawia wageni taulo na majoho na kupanga mafuta ya kukandia. Wa tatu ni Scovia, Mganda wa Jinja, anayekaa mapokezi ya hiyo hiyo spaa. Scovia alikuwa amejifunza yoga kwa mwalimu Mhindi anayefundisha wageni, akasoma mpaka akapata cheti, na kila Ijumaa asubuhi alitukusanya sisi wanawake wa jengo kwenye ukumbi wa televisheni, akasukuma viti ukutani, akatufundisha.

Mimi nilikwenda kwa ajili ya mgongo. Mashuka ya hoteli yakilowa ni mazito kuliko dhambi. Mchungaji wetu wa ushirika aliposikia akaniita kando, akaniambia yoga humfungulia mtu milango ya mapepo. Nikamwambia, mchungaji, pepo atakayeingia kwenye mgongo huu atakuta maumivu yameshapanga kila chumba. Hakunifuata tena.

Hidaya naye alikuwa na lake. Siku ya kwanza Scovia alituambia tupige magoti, tuinamishe paji la uso mpaka chini, mikono tuitandaze mbele. Hidaya akasimama.

"Hii ni sijda," akasema. "Mimi simsujudii mtu."

"Nani anataka unisujudie, nnyabo?" Scovia akashangaa. "Ni mgongo tu unapumzika."

Hidaya hakubishana. Akauliza kibla kiko upande gani, akaugeuza mkeka wake ukaelekea kwingine kabisa, akapiga magoti, akaweka ngumi mbili chini ya paji la uso lisiguse sakafu. Tangu hapo sote tukawa tunaelekea dirishani, yeye peke yake akielekea friji. Tukazoea.

Pozi lililomshinda ni jingine. Unakunja blanketi liwe kama gogo, unalilalia kwa mgongo, pale katikati ya mabega, mikono unaitupa huku na huku viganja juu, kifua kinabinuka chote kama unachinjwa. Scovia alilipenda hilo kuliko yote.

"Hapa ndipo moyo unafunguka," alikuwa akisema akizunguka baina yetu na soksi zake za sufi. "Musifanye kitu. Mujiachilie. Kujiachilia ni kazi kubwa kushinda hayo mashuka ya Akinyi. Na ukifungua, usikimbilie kufunga. Kaa hapo."

Hidaya hakukaa hata mara moja. Angelala, avute pumzi mbili tatu, kisha akumbuke wali wake jikoni. Kila Ijumaa wali ulikuwa unaungua. Scovia alikuwa akitikisa kichwa tu.

Halafu ikaja Ijumaa moja, baada ya mfungo, joto limeanza kukaza, Hidaya akalala kwenye blanketi na hakuamka. Sisi wengine tulishakaa, tulishakunja mikeka, yeye bado yuko palepale, mikono ameitupa, machozi yanamtiririkia masikioni. Hakulia kwa sauti. Nilitaka kwenda kumwinua, Scovia akanishika bega.

"Muache," akaninong'oneza. "Bambi, maskini, amechelewa sana kufika."

Mchana wake, tukichambua mchele, Hidaya akaniambia. Baba yake mkubwa alikuwa amepiga simu kutoka Kisarawe. Posa imeletwa. Mtu ni mwalimu wa shule, amefiwa na mke, hanywi, hana kelele, na wazee wamempenda. Mkataba wa Hidaya ulikuwa unaisha mwezi huo na familia ilitaka arudi nyumbani na jibu lililokwisha kutolewa. Wamempa mpaka Ijumaa inayofuata, baada ya sala.

"Na wewe humtaki?"

"Si mtu mbaya."

"Sikukuuliza kama ni mbaya."

Akaokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Nampenda Suleimani."

Nikacheka. Mungu anisamehe, lilinitoka tu. Nilidhani linakuja tusi la Wanyamwezi nyuma yake.

"Unaona?" akasema. "Hata wewe umecheka."

Hapo ndipo mambo mengi yalipoanza kunijia. Nikakumbuka Hidaya alivyoshikwa na homa wakati wa baridi, Suleimani akanipa chupa ya uji wa ulezi aliouhangaikia sijui kwa nani, uko na ndimu na tangawizi, akaniambia, "Mpelekee mtumwa wangu, asije akafa kabla sijamuuza." Uji ule ulikuwa umechujwa. Mwanamume hachuji uji wa mtumwa. Nikakumbuka pia kwamba yeye na Bradley, askari mwenzake kutoka Nakuru, walikuwa wakibadilishana shifti ovyo ovyo, na kila badiliko lilimwacha Suleimani mlangoni saa ile ile tunayotoka sisi.

"Si umwambie tu!" nikamwambia. "Aki wewe, umeposwa, unampenda mwingine, na huyo mwingine anakupekua mkoba kila siku. Unangoja nini?"

"Mtani hatongozwi, Akinyi. Nitamwambiaje akaamini?"

"Kwani watani hawaoani?"

"Wanaoana kila siku. Lakini huwa kuna mtu amenyamaza kwanza. Sisi hatujawahi kunyamaza."

Nilimshauri ampigie simu. Akakataa; kwa simu, alisema, Suleimani angecheka tu akakata. Alitaka amwone uso. Nikamshauri amngoje siku ya mapumziko, lakini wiki hiyo Suleimani hakuwa na siku ya mapumziko kabla ya Ijumaa. Kulikuwa na mkutano mkubwa hotelini na mudiri, bosi wa ulinzi, alikuwa ameifuta likizo ya kila mtu.

Scovia alipoambiwa alifurahi kama vile yeye ndiye anaposwa. "Hiyo sasa ndiyo yoga yenyewe," akasema. "Ya kwenye mkeka ni mazoezi tu. Unafungua, unasema, mengine unaachilia."

Basi wiki nzima Hidaya alilala kwenye lile blanketi kila asubuhi kabla ya kazi, mimi nikipiga mswaki nikimruka. Kifua chake kilianza kukubali. Hata mwendo wake ulibadilika. Mabega ambayo alikuwa akiyakunja mbele kama mtu anayeficha kitu yalirudi nyuma, akawa mrefu. Jioni tulifanya mazoezi ya maneno. Mimi nikawa Suleimani. Sikuwa Suleimani mzuri, kwa sababu kila akifika kwenye "nakutaka wewe" nilikuwa nikimjibu "nakubali mara moja, twende kwa kadhi," naye anacheka, tunaanza upya. Ningejua, ningemzoesha kungoja jibu. Nilimzoesha kucheka.

Ikafika Alhamisi. Tulitoka kazini alasiri, foleni ndefu, jua limekaa juu ya ukuta wa nyuma kama lina deni na sisi. Suleimani alikuwa kwenye meza yake, Bradley kwenye meza ya pili. Hidaya alikuwa mbele yangu. Niliona amevuta pumzi na kurudisha mabega nyuma vilevile kama Scovia alivyomfundisha. Alipofika, hakufungua mkoba.

"Suleimani," akasema. "Leo sina utani."

Nilifumba macho. Sijui kwa nini katika wiki nzima ya mazoezi hatukufikiria hilo, mimi na yeye na Scovia na cheti chake. Kila uongo waliowahi kuambiana wale wawili ulianza na maneno hayo hayo. Suleimani alikuwa amewahi kumwambia, "Hidaya, leo sina utani, mudiri anakuita," Hidaya akapanda mpaka ofisini kwa mudiri, akakuta hakuna aliyemwita. Naye Hidaya alilipiza kwa "leo sina utani, suruali yako imepasuka nyuma," na Suleimani akasimama shifti nzima ameegemea ukuta. Wenyewe walikuwa wameyachosha maneno hayo mpaka hayana kazi tena.

Lakini Hidaya alikuwa ameshafunguka, hakusimama.

"Nimeposwa nyumbani," akasema. "Kesho baada ya sala wanataka jibu. Mimi sitaki kwenda kwa huyo mtu. Nakutaka wewe. Ukinitaka niambie sasa hivi, niwaambie nimekataa."

Foleni ikatulia. Suleimani akavua kofia yake ya kazi, akaiweka kifuani. Akamtazama. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya mwadhini anayoitumia akimzika Hidaya kwa maneno mara tatu kwa wiki:

"Nakutaka. Kataa."

Bradley akapiga meza kwa kiganja. "Wee! Hawa Watizedi watatuua siku moja! Ona vile amevua kofia!" Na foleni yote ikalipuka. Wanepali waliokuwa nyuma yetu hawakuelewa neno hata moja, nao wakacheka kwa kuona tunacheka. Mimi pia nilicheka, kile kicheko cha woga cha mtu anayeona glasi inaanguka. Na Hidaya, ambaye nilikuwa nikimwona ubavu wa uso tu, alisimama kidogo kama anayetafuta hewa, kisha akacheka kuliko sisi sote.

"Kanasa!" akasema. "Mnyamwezi kanasa kama panya!"

Suleimani akaivaa kofia yake. "Nani anakutaka wewe?" akasema. "Mahari yako debe la pumba na kuku kiguru, na huyo kuku nitamdai tena. Pita, pita, unawazibia watu njia."

Akapita. Mkoba wake haukufunguliwa.

Tulipoingia chumbani nikamshika mabega. Nilikuwa na hasira na dunia nzima, hasa na Bradley.

"Rudi umwambie tena. Ama nitakwenda mimi. Nitamwambia mbele ya mudiri, mbele ya amiri jeshi, sijali!"

"Hutamwambia."

"Nitamwambia!"

"Akinyi, uniapie. Kwa mama yako."

"Kwa nini nikuapie upuuzi?"

"Kwa sababu nimeshafungua, nimeshasema, nimeshajibiwa. Kilichobaki ni kujiachilia. Si ndivyo tulivyofundishwa?" Akamgeukia Scovia, aliyekuwa ameingia na sahani ya matoke mkononi.

Scovia akaiweka sahani chini. "Mimi sikufundisha hivyo," akasema polepole. "Kujiachilia si kukimbia, nnyabo. Alipokujibu, wewe ulikaa?"

"Alikuwa anatania."

"Nimekuuliza wewe."

"Mbele ya watu wote wale, ulitaka nikae nifanye nini? Nilie?"

"Ndiyo," Scovia akasema. "Ulie."

Hidaya akalikunja blanketi lake, akaliweka juu ya kabati, na hakulishusha tena. Mimi niliapa. Nasema nililazimishwa, na ni kweli, lakini nafsi yangu nayo ilikuwa inajiambia huyu Suleimani hafai, mwanamume gani anafunguliwa moyo akajibu kwa pumba. Nilikuwa na hasira, na hasira ilinirahisishia kiapo.

Ijumaa baada ya sala Hidaya alimpigia baba yake mkubwa, akasema ndiyo. Nilisikia vigelegele vya wanawake ndani ya simu kutoka upande wa pili wa chumba.

Siku ya kuondoka kwake Suleimani alikuja mpaka kwenye jengo letu, amejifunga taulo kichwani, akaanza kuomboleza tangu getini kama mtani msibani. "Ole wangu! Nani atanilimia? Nani atanilindia kuku? Mtumwa wangu ananunuliwa na mwalimu!" Wafilipino walikuwa wakimrekodi kwa simu. Alipolifikia sanduku la Hidaya akakataa kulikokota kwa magurudumu yake. Akaliinua, akajitwika kichwani, akasema babu zake waliibebea dunia mizigo na yeye mzigo huu mmoja hatashindwa nao. Akashuka nalo ngazi zote namna hiyo, watu wakimpigia makofi.

Hidaya alicheka mpaka akaegemea ukuta. Akanikumbatia mimi, akamkumbatia Scovia, akampungia Suleimani mkono kwa sababu hawezi kumkumbatia, akaingia kwenye gari. Suleimani aliliweka sanduku nyuma ya gari na akabaki ameshika mlango wa buti. Hakuufunga. Dereva, Mpakistani, akatoa kichwa dirishani akasema yalla, yalla, ndege haimngoji mtu. Hapo ndipo alipoufunga, taratibu, kama mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala. Niliona. Niliona na sikusema kitu, kwa sababu nilikuwa nimeapa kwa mama yangu.

Harusi ilikuwa kabla ya Idi ya kuchinja. Sisi wa Doha tulichangia zawadi, tukatuma, tukangoja picha. Kilichofika kwanza hakikuwa picha. Ni Suleimani aliyeniita, tukiwa tumetoka kazini na foleni imeisha, akanivutia kiti cha plastiki kando ya meza yake.

"Njoo uone mambo ya watani," akasema. "Harusi ya Mzaramo bila Mnyamwezi ingekuwa harusi? Nilimtuma mdogo wangu."

Mdogo wake ni Twaha, fundi seremala wa Dar es Salaam. Alikuwa amekwenda Kisarawe akiwa na haki zote za mtani na simu ya rafiki wa kumrekodi. Katika video, ndoa imeshafungwa msikitini, na gari la bibi harusi linatoka kwao kumpeleka kwa mumewe. Twaha amevaa gunia, amejipaka majivu, amelala katikati ya njia mbele ya gari. Wazee wanamsihi aondoke, yeye anataka fidia ya mtumwa. Wanawake wanacheka wanashika mbavu. Mwisho anaamka, anakwenda kwenye dirisha la nyuma, kioo kinashushwa, na Hidaya yumo ndani na hina mpaka viwikoni, mzuri kuliko nilivyowahi kumwona.

"Nimetumwa na bwana wako Suleimani wa Uarabuni," Twaha anamwambia. "Anauliza, umepata idhini ya nani?"

Hidaya anacheka. Anamwambia bwana huyo aje mwenyewe na miguu yake kama hajaisahau njia ya wapagazi. Watu wanashangilia.

"Basi kaniambia nikupe maneno yake ya mlangoni," Twaha anasema. "Anasema: Nakutaka. Kataa."

Watu wanacheka tena. Lakini Hidaya hacheki. Kwanza kicheko kinabaki mdomoni peke yake, macho yameshaondoka. Kisha anauliza, kwa sauti ndogo hata simu ilikuwa karibu kuikosa, "Suleimani ndiye aliyesema useme hivyo?" Twaha anaitikia huku anacheza cheza na gunia lake. Hapo Hidaya anafunika uso kwa mtandio, na mabega yake yanaanza kutikisika, na wanawake wote wanapiga vigelegele, maana bibi harusi amelia na hiyo ni heri.

Suleimani alikuwa akicheka mpaka hapo. Akairudisha video nyuma. Akakitazama tena kipande hicho. Akairudisha tena.

"Analia nini?" akaniuliza.

"Mabibi harusi hulia."

"Huyu halii. Nimemtukania mpaka marehemu wake, halii." Akaisimamisha simu pale Hidaya anapouliza, akaisogeza karibu na uso wake. Bradley alikuwa anafunga vitabu vya zamu upande wa pili, anapiga mluzi.

"Akinyi," Suleimani akasema. "Siku ile ya foleni. Alikuwa anatania au hatanii?"

Nilikuwa nimeapa kwa mama yangu, na mama yangu yu hai. Nikatazama viatu vyangu. Nadhani hakuna jibu refu kuliko hilo, kwa sababu alipozungumza tena sauti ya mwadhini ilikuwa imemwishia.

"Kwa hiyo alikuwa hatanii."

Hasira yangu ya tangu Alhamisi ile ikanipanda. "Na wewe ulifanya nini?" nikamwambia. "Mtu anakufungulia moyo mbele ya watu, unamjibu debe la pumba! Unacheka!"

"Sikucheka."

"Ulicheka, Suleimani. Mimi nilikuwa nyuma yake."

"Kumbuka vizuri," akasema. "Nani alicheka kwanza?"

Nikakumbuka. Nilikumbuka kiganja cha Bradley kwenye meza, na Wanepali, na mimi mwenyewe, na Hidaya akitushinda sote. Na katikati yetu nikamkumbuka Suleimani amesimama na kofia kifuani, hacheki, anamtazama Hidaya. Pumba ilikuja baadaye. Ilikuja baada ya panya.

"Nilipomsikia anacheka nikaona basi, mtani kanipata," Suleimani akasema. "Nimeumeza uongo wake kama mpumbavu, mbele ya watu. Nikatafuta neno la kujifunikia aibu. Mama yangu Tabora anamjua jina tangu mwaka jana. Nilikuwa nangoja mkataba wangu uishe niende Kisarawe kwa wazee wake."

Kule hotelini wageni wa jioni walikuwa wakiwasili, tulisikia milango ya magari upande wa mbele.

"Aliniuliza, nikamjibu," akasema. "Nilisema nakutaka. Nilisema kataa. Wewe ulikuwepo, Akinyi."

"Nilikuwepo," nikamwambia.